Daraja za Wasemaji katika Makongamano ya Wataalamu

Mtu aingiaye leo katika ukumbi wa kongamano la wataalamu, liwe la matabibu, la wahandisi au la walimu wa lugha, hukabidhiwa mlangoni karatasi ya ratiba, na katika karatasi hiyo huyakuta majina ya watu yamepangwa kwa daraja zisizofichika: mgeni rasmi wa kufungua, mwenyekiti wa kikao, msemaji mkuu, watoa mada, mchokoza mada, wanajopo, mshereheshaji wa kuita majina na kuchunga saa, na mwisho wao wote, kwa herufi ndogo kama si kwa kusahauliwa kabisa, makatibu wa kuandika yaliyosemwa. Aghalabu hudhaniwa kuwa mpango huu umekuja pamoja na hoteli zenye kumbi za kukodi na chai ya saa nne. Walakini vingi kati ya vyeo hivi vina nasaba yake, vilizaliwa kila kimoja mahali pake na kwa haja yake, na baadhi yake ni vikongwe vya miaka elfu na zaidi. Nami katika kuifuata nasaba hiyo nimesadiki jambo ambalo wapangaji wa ratiba hawapendi kulisikia, ya kuwa katika mikutano mikubwa ya wanazuoni aliyepewa muda mrefu wa kusema mara nyingi siye aliyeacha athari ndefu, na ya kuwa wale wanenao kidogo, yaani aongozaye na aandikaye, ndio walioamua nini kibaki baada ya watu kutawanyika.

Tuanze Baghdad, katika karne ya 4 ya Hijra, ambayo ni ya 10 kwa hesabu ya Miladi, katika majlisi ya waziri Ibn al-Furat. Mji ule ulikuwa umejaa vitabu vya Wayunani vilivyofasiriwa kwa Kiarabu, vingi vyao kwa njia ya Kisiria, na Abu Bishr Matta ibn Yunus, Mkristo wa madhehebu ya Nestori, ndiye aliyekuwa bingwa wa mantiki ya Aristotle, akidai kuwa pasipo elimu hiyo mtu hana mizani ya kupambanua kweli na uongo. Waziri akauliza barazani ni nani atakayesimama kumjibu; watu wakainamisha vichwa, hata Abu Said al-Sirafi, mjuzi wa nahau, alipoitika, akamwandama Matta kwa maswali juu ya viungo vidogo vidogo vya maneno ya Kiarabu, akitaka kudhihirisha kwamba mantiki ya Wayunani imefungwa katika lugha ya Wayunani na haiwezi kuwahukumu watu wa lugha nyingine. Hapo tunao mwenyeji anayeweka hoja na kutoa ruhusa ya kunena, mwenye dai lake, na mpinzani aliyekubaliwa mbele ya hadhara. Tena yuko mwingine asiyekuwa na zamu ya kusema, naye ni Abu Hayyan al-Tawhidi, mwanafunzi wa al-Sirafi, aliyeihifadhi habari ile kitabuni. Na katika kalamu yake al-Sirafi hutiririka kurasa baada ya kurasa, ilhali Matta hujibu kwa maneno ya kuhesabika. Huenda ndivyo ilivyokuwa. Lakini lau Matta angalijaliwa mwanafunzi mwenye kalamu kali kama ile, sidhani kwamba tungalimsoma leo kwa sura hiyo ya mtu aliyefungwa ulimi.

Katika Ulaya, vyuo vikuu vya zamani kama Paris na Oxford viliitia kanuni ada hii ya kushindana kwa hoja: mwanafunzi aliyekaribia kuhitimu alikalishwa kuzijibu pingamizi, wengine wakawa na kazi ya kupinga tu, na ustadhi aliyeliweka swali alingoja zamu yake ya mwisho, pengine siku nyingine kabisa, ndipo akatoa hukumu. Mabaki ya jambo hili yaonekana hata leo katika Uswidi na Ufini, ambako mtu hapewi udaktari wa chuo kikuu ila baada ya kuketi mbele ya mpinzani rasmi aliyealikwa kuichambua kazi yake hadharani. Pwani yetu nayo ina mgawanyo wake wa zamu katika darsa za misikitini, mwanafunzi akisoma matini na shekhe akisherehi, msomaji asizidishe neno lake wala shekhe asiruke mbele ya msomaji. Ila darsa ni mahali pa kuipokea elimu, na kongamano ni mahali pa kuipima, kwa hiyo sitaliandama jambo hilo zaidi.

Kongamano kwa sura tuijuayo lina mwanzo wake katika mji wa Leipzig, mwezi wa Septemba 1822, pale Lorenz Oken, mtaalamu wa elimu ya viumbe, alipowaita mabingwa wa maumbile na matabibu wa nchi za Kijerumani, ambazo wakati huo zilikuwa dola nyingi zisizokuwa na mji mkuu mmoja. Walioitika mwaka ule walikuwa wachache, na muradi wa Oken haukuwa hasa kusomeana risala, kwani risala zasomeka nyumbani, bali watu waliojuana kwa maandishi tu waonane uso kwa uso. Chama kile kikafanya kanuni mbili za busara: mkutano uhame kila mwaka kutoka mji hata mji, na mwenye haki ya kura awe mtu aliyekwisha kuandika jambo katika fani yake, ingawa wasikilizaji wengine hawakufungiwa mlango. Miaka 6 baadaye, mwaka 1828, zamu ilifika Berlin, na mwenyekiti alikuwa Alexander von Humboldt, msafiri mashuhuri wa Amerika ya Kusini, ambaye alikusanya mamia ya watu na kuufungua mkutano kwa nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya siku hiyo na Felix Mendelssohn. Katika mji huo huo siku zile alikuwako pia kijana wa miaka 18, Frédéric Chopin, aliyechukuliwa safarini na profesa mmoja wa elimu ya wanyama wa Warszawa, naye akawaandikia jamaa zake kwao barua za kuwacheka wanazuoni wale, waliokuwa machoni pake kama vikaragosi. Ni taarifa isiyokuwamo katika kumbukumbu rasmi, nami nadhani wenye kuandaa makongamano wangefaidi kuisoma kabla ya kuchapisha ratiba zao.

Jambo kubwa alilolifanya Humboldt ni kuukata mkutano mafungu. Aliona kwamba halaiki ile haiwezi kukaa pamoja kusikiliza habari za mifupa ya samaki na hesabu za nyota. Akaweka vikao vya wote, vyenye hotuba za kumfaa kila mwenye elimu, na kando yake vikao vya fani, kila kimoja na mwongozaji wake na katibu wake, watu wakiwa wachache na maneno yakiwa ya ndani. Tofauti kati ya msemaji mkuu anayenena na wote na mtoa mada anayenena na wenzake wa kazi moja yatoka hapo. Mwingereza Charles Babbage alikuwako Berlin, akaandika habari za aliyoyaona, na maandishi yake yakawa sababu mojawapo ya kuundwa chama cha Waingereza cha kuendeleza sayansi, kilichokutana mara ya kwanza mjini York mwezi wa Septemba 1831, nacho kikahamahama miji kama kile cha Wajerumani.

Ni chama hiki kilichokutana Oxford mwaka 1860, mwaka mmoja tu baada ya Charles Darwin kutoa kitabu chake juu ya asili ya viumbe. Siku ya Jumamosi, 30 Juni, kikao cha fani ya mimea na wanyama kilijaa watu hata kikahamishwa chumba, kwa kuwa zilienea habari kwamba Askofu Samuel Wilberforce atanena. Msemaji aliyeandikwa katika ratiba, na watu husahau jambo hili, alikuwa John William Draper wa New York, aliyesoma risala ndefu juu ya maendeleo ya akili za watu wa Ulaya kwa kuyalinganisha na mawazo ya Darwin, na waliokuwapo walishuhudia kuwa aliwachosha. Huyo ndiye aliyepewa muda mwingi, na leo hutajwa tu kama mtu aliyetangulia. Waliobaki katika kumbukumbu ni wachangiaji: askofu aliyekejeli, Thomas Huxley aliyemrudi, Joseph Hooker, mtaalamu wa mimea, ambaye baadhi ya waliohudhuria walimhesabu kuwa ndiye aliyetoa hoja zenye uzito, na FitzRoy, nahodha wa ile marikebu iliyomchukua Darwin kuizunguka dunia, aliyesimama na Biblia mkononi kwa huzuni. Darwin mwenyewe hakuwapo kwa sababu ya maradhi. Mwenyekiti alikuwa John Stevens Henslow, mwalimu wake wa zamani, padri na mtaalamu wa mimea kwa pamoja, mtu aliyekuwa na haki ya kuegemea pande zote mbili na hakuegemea hata moja, bali aliacha kila mwenye hoja ya elimu aseme. Lakini kikao kile hakikuwa na mwandishi wa kuyashika maneno kama yalivyotamkwa. Kila mtu alikwenda zake na alichokisikia, na mpaka leo wanahistoria wanashindana juu ya nini hasa alikisema askofu na nini alikijibu Huxley. Kikao mashuhuri kuliko vyote vya karne ile kimebaki kama hadithi ya vijiweni, kwa kukosa katibu.

Miezi miwili na siku chache baadaye wakemia nao wakakutana Karlsruhe, kuanzia tarehe 3 hadi 5 Septemba mwaka ule ule. Hali ya fani yao ilikuwa ya fedheha: hawakuafikiana hata juu ya maji, wengine wakiyaandika kuwa chembe moja ya haidrojeni na moja ya oksijeni, wengine mbili kwa moja, na August Kekulé katika kitabu chake cha mwaka uliofuata aliweza kuorodhesha njia 19 za kuiandika tindikali ya siki peke yake. Kekulé, pamoja na Weltzien wa Karlsruhe na Adolphe Wurtz wa Paris, waliwaita wenzao wa Ulaya nzima, wakaitika zaidi ya 120. Uenyekiti ulipokezwa kutoka mtu hata mtu, kamati ikikaa faragha kuyatunga maswali ya kuletwa mbele ya wote, nao makatibu, Wurtz akiwamo, wakaandika. Mbinu hiyo ya kutunga swali kabla ya kufungua mlango wa maneno ndiyo kazi ambayo sisi leo humwachia mchokoza mada, na laiti kila mchokoza mada angejua kwamba kazi yake ni kuliweka swali, si kutoa mada ya pili kwa mlango wa nyuma.

Stanislao Cannizzaro, Mtaliano, alisimama siku ya mwisho akayatetea kwa ufasaha mawazo ya Avogadro, ambayo yalikuwa yamelala tangu mwaka 1811, nao wakamsikiliza kwa heshima na hawakuafikiana. Mkutano ukafungwa pasipo neno la pamoja. Ndipo Angelo Pavesi, mwenzake Cannizzaro, akawagawia watu walipokuwa wakiondoka kijitabu kidogo ambacho Cannizzaro alikichapisha miaka 2 nyuma kwa ajili ya wanafunzi wake. Lothar Meyer, mmoja wa waliokuwapo, alikitia mfukoni, akakisoma, na kwa ushahidi wake mwenyewe kiza kikamtoka. Mwaka 1864 akatoa kitabu kilichojengwa juu ya msingi ule. Dmitri Mendeleev, kijana wa miaka 26, naye alikuwako Karlsruhe, na mwaka 1869 akaitoa jedwali yake ya elementi, isiyoweza kusimama bila ya uzani wa atomu uliosawazishwa kwa njia ya Cannizzaro. Kwa hiyo katika kongamano lile la kwanza la kimataifa la wakemia, aliyefanya kazi iliyodumu kuliko zote pengine ni mgawa karatasi mlangoni. Na kumbukumbu zilizoandikwa na Wurtz zilikaa bila ya kuchapishwa hata mwaka 1929, wakati ambapo waliozihitaji walikwisha kuwa makaburini.

Mkutano ninaouona kuwa kielelezo cha kazi ya mwenyekiti na katibu ulikaa Brussels, katika hoteli ya Métropole, kuanzia 30 Oktoba hadi 3 Novemba 1911. Ernest Solvay, Mbelgiji aliyetajirika kwa kutengeneza magadi viwandani, magadi yale yale ambayo nchini Kenya huchimbwa katika ziwa lenye jina hilo, alishawishiwa na Walther Nernst awaite wanafizikia wachache kabisa, kiasi cha watu 20, wajadili fumbo moja tu, yaani nadharia ya kwanta. Wasemaji walitakiwa kuziandika taarifa zao kabla, zikagawiwa mapema, ili saa za kikao zisipotee katika kusomewa kile ambacho kila mtu amekwisha kukisoma. Na baada ya kila taarifa yalifuata majadiliano, nayo yakaandikwa. Solvay alifungua kwa kueleza nadharia yake mwenyewe juu ya maada na mvutano, ambayo hakuna aliyeikubali, wakamsikiliza kwa adabu, kisha akawaachia wenyewe kiti chao. Kwa mgeni rasmi hiyo si sifa ndogo.

Kiti kilikaliwa na Hendrik Lorentz wa Uholanzi. Alikuwa na umri wa miaka 58, fizikia ya zamani ameijenga kwa mikono yake na fizikia mpya inambomolea, akisema Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza kwa wepesi ule ule, hata akawa mwenyekiti na mkalimani kwa pamoja: Max Planck akinena kwa Kijerumani, Lorentz huchukua hoja akaiweka kwa Kifaransa mbele ya Henri Poincaré, tena pengine iliyonyooka kuliko ilivyotoka kwa mwenyewe. Albert Einstein, aliyekuwa kijana kati yao na hakuwa mwepesi wa kusifu watu, alimsifu Lorentz kwa jinsi alivyouongoza mkutano. Kazi ya ukatibu ilishikwa na watu watatu, mmojawapo akiwa Maurice de Broglie, ambaye pamoja na Paul Langevin walizitengeneza taarifa na majadiliano hata kikatoka kitabu mwaka 1912. Maurice alikuwa na ndugu yake mdogo, Louis, aliyekuwa akisoma historia na hajajua afanye nini na maisha yake. Akazisoma karatasi za kaka yake, akaingiwa na shauku, akageukia fizikia, na mwaka 1924 akaleta wazo kwamba maada nayo ina tabia ya mawimbi, lililompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Louis hakukanyaga ukumbi wa Métropole mwaka 1911. Alichokipokea ni kazi ya makatibu.

Mkutano wa tano wa silsila iliyoanza na ule wa Solvay wa 1911, mwezi wa Oktoba 1927, hutajwa kila mara kwa mashindano ya Einstein na Niels Bohr, na wengi hudhani kuwa hao ndio waliokuwa wasemaji wakuu. Sivyo. Taarifa zilizopangwa zilikuwa za Bragg, Compton, de Broglie, Born na Heisenberg kwa pamoja, na Schrödinger. Einstein aliombwa kutoa taarifa akaomba udhuru. Mengi ya mabishano ya wawili hao yalipita mezani wakati wa kula, Einstein akileta fumbo asubuhi na Bohr akilifumbua kabla ya usiku. Katika kikao cha majadiliano ya wote maneno yalipogongana, watu wakinena kwa lugha mbalimbali kwa mara moja, Paul Ehrenfest aliinuka akaandika ubaoni maneno ya Kitabu cha Mwanzo juu ya Mnara wa Babeli. Lorentz, akiwa na miaka 74, aliongoza kwa mara ya mwisho. Alifariki mwezi wa Februari 1928.

Baada yake kazi mbili alizozichukua mtu mmoja zilitengana. Mkalimani alipata chumba chake na vyombo vyake, hasa tangu kesi za Nuremberg zilizoanza Novemba 1945, ambako maneno ya Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kijerumani yalifasiriwa papo hapo masikioni. Wataalamu nao walivyozidi kuwa maelfu, na mada kushinda saa za mchana, wengine walipewa ubao wa kubandika kazi yao na kusimama kando yake kuwangoja wapitaji, ada iliyoenea tangu miaka ya 1970. Daraja hiyo hudharauliwa, nami nasema si kwa haki, kwa sababu mwenye ubao huulizwa na mtu aliyemjia kwa hiari yake, ilhali mwenye jukwaa husikilizwa na watu wengi waliokaa kwa kuwa mlango uko mbali.

Kwetu, mkutano uliotugusa kuliko yote ni ule wa Mombasa wa Juni 1928, ulioitwa na serikali za Kiingereza kuamua ni lahaja ipi ya Kiswahili itakayofanywa msingi wa vitabu vya shule. Profesa Carl Meinhof, Mjerumani mwenye sifa kubwa katika elimu ya lugha za Kibantu, alikuwapo. Wamisionari wa Kenya walikipendelea Kimvita, wale wa Unguja walikuwa na kazi yao ya miaka mingi katika Kiunguja, na katika mji wenyewe wa Kimvita ikaamuliwa Kiunguja. Kamati ya lugha iliyofuata ilianza kazi 1 Januari 1930, Frederick Johnson akiwa katibu, na ukatibu huo, wala si hotuba yoyote ya Mombasa, ndio uliotia sahihi yake juu ya tahajia na kamusi tunazozitumia. Wenye lugha walikuja kupewa viti miaka mingi baadaye, Shaaban Robert akiwa miongoni mwao. Ni yeye huyo ambaye hakualikwa Makerere mwezi wa Juni 1962, waandishi wa Afrika walipokutana, kwa sababu mkutano ulitengwa kwa wanaoandika kwa Kiingereza. Alifariki mwezi huo huo. Kabla ya daraja zote za wasemaji iko daraja ya aandikaye orodha ya waalikwa, naye hatajwi katika ratiba yoyote.

Mgeni rasmi wetu wa siku hizi mara nyingi hufika saa ikiwa imepita, akasoma hotuba aliyoandikiwa na waandaaji wenyewe, akawashukuru kwa mawazo aliyoyakuta humo, akapigwa picha, akaondoka na msafara kabla ya mada ya kwanza. Waziri Ibn al-Furat alikaa hata mwisho, tena swali lilikuwa lake. Basi ninyi mnaoandaa makongamano katika vyuo na vyama vyetu vya wataalamu, mchagueni kwanza katibu, awe mjuzi wa fani na lugha, mpeni meza ya mbele na malipo yake, mhakikishe kuwa alichokiandika kitachapwa ndani ya mwaka. Kisha mtafuteni mwenyekiti asiyekuwa na mada yake mwenyewe ya kuipenyeza. Na mkishawapata hao wawili, ndipo mkae kuulizana ni nani atakayefungua.